Maisha ya Ali Mubarak Pasha wa Misri

Ali bin Mubarak alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Birinbal, Misri ya chini, katika jamaa ya maimamu na makadhi wa kijiji. Baba yake alimtia chuoni ahifadhi Kurani, lakini mwalimu alikuwa mpigaji mno, na mtoto akakimbia. Watoto wa Misima na Korogwe walioionja bakora ya chuo hawana haja ya kufasiriwa jambo hili.

Alipokuwa karani mdogo alimwona mkubwa wake, Anbar Efendi, mtu mweusi wa asili ya Uhabeshi, na watu wakisimama mbele yake kwa adabu. Akastaajabu, kwani vyeo siku zile vilikuwa vya Waturuki. Akaambiwa ya kuwa bwana yule alisomeshwa katika skuli ya serikali ya Kasr al-Aini. Tangu hapo hakutaka jingine, akaingia skuli pasipo ridhaa ya baba yake.

Elimu ya handasa ilimwia kama talasimu, hata mwalimu mmoja alipomfahamisha kwa maneno mepesi, pakafunguka. Mwaka 1844 akapelekwa Ufaransa. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa naye hakijui. Akanunua kitabu cha watoto wadogo, akakihifadhi chote. Akasoma Paris, kisha uhandisi wa jeshi mjini Metz.

Khedive Ismail, aliyesoma naye Ufaransa, alimkabidhi skuli zote mwaka 1868, pamoja na reli na kazi za ujenzi. Hapo ndipo muhandisi alipogeuka mjenzi wa watu. Hakuvivunja vyuo vya vijijini, bali alitaka vikaguliwe na visaidiwe kwa mapato ya wakfu. Vitabu vilivyokuwa vikiliwa na mchwa misikitini akavikusanya katika khazina moja, mwaka 1870. Na mwaka 1872 akaasisi Dar al-Ulum, akichukua wanafunzi wa Azhar ili wawe waalimu wenye elimu ya dini na hesabu pia. Sheikh Muhammad Abduh alisomesha humo mwaka 1878.

Katika fitina ya 1882 alisimama upande wa Khedive Tawfik, na wako wanaomlaumu kwa hilo hata leo. Baadaye alitunga kitabu cha khabari za miji ya Misri, juzuu 20, na humo akaandika maisha yake mwenyewe, hata zile bakora. Alifariki Novemba 1893, sawa na mwaka 1311 wa Hijra. Mwenyezi Mungu amrehemu.