Bill Travers: Aliyeigiza Hadi Ikawa Kweli

Wengi wetu hapa Meru na Embu tumesikia habari za Elsa, yule simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson, akaachiliwa huru Meru, akafa mwaka 1961 na kuzikwa kando ya mto Ura. Lakini mnamjua jamaa aliyeigiza kama George Adamson katika filamu ya Born Free? Huyo ni Bill Travers, na leo nitawasimulia maisha yake.

Travers alizaliwa tarehe 3 Januari 1922, kaskazini mwa Uingereza. Dada yake, Linden, ndiye aliyetangulia kuwa mwigizaji. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Bill alikuwa afisa katika jeshi la Wagurkha, akateremshwa kwa parachuti huko Malaya, nyuma ya Wajapani. Vita vilipokwisha, alianza kuigiza jukwaani, kisha akaingia kwenye filamu.

Sifa zilimjia mwaka 1955 alipocheza Geordie, hadithi ya kijana mdogo wa mwili anayefanya mazoezi mpaka anatupa nyundo kwenye Olimpiki. Hollywood ikamwita, naye akacheza Bhowani Junction mwaka 1956. Mwaka 1957 alimwoa Virginia McKenna, mwigizaji mwenzake. Mapema miaka ya 1960 alipanda hata majukwaa ya Broadway kule New York.

Halafu wakaja Kenya. Filamu yenyewe haikupigwa hapa kwetu, bali upande wa pili wa Mlima Kenya, kule Naro Moru. McKenna alikuwa Joy, Bill akawa George. George Adamson mwenyewe alikuwepo kuwafundisha namna ya kukaa na simba, maana simba wale walikuwa wa kweli! Filamu ilitoka mwaka 1966 na muziki wake ukapata Oscar mbili. Mwaka huo huo Meru ikawa mbuga ya taifa.

Mwigizaji wa kawaida akimaliza kazi huvua nguo za mchezo na kwenda zake. Bill alishindwa. Mwaka 1970 alisaidia kumleta Kenya simba Christian, aliyenunuliwa katika duka la Harrods huko London, ili Adamson amfunze maisha ya porini huko Kora. Akaitengenezea filamu safari hiyo.

Lakini kisa kilichombadilisha kabisa ni cha Pole Pole. Huyu alikuwa mtoto wa tembo aliyetolewa zawadi na serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Bill na mkewe, waliokuwa wamecheza naye filamu, waliomba kumnunua abaki. Wakaambiwa kwamba wakimchukua, atakamatwa mwingine badala yake. Basi wakanyamaza, Pole Pole akaenda. Alikufa huko London mwaka 1983, bado mchanga kwa umri wa tembo. Mwaka uliofuata, 1984, Bill na mkewe walianzisha shirika la Zoo Check, ambalo baadaye liliitwa Born Free. Miaka yake ya mwisho aliimaliza akizunguka Ulaya na kamera, akionyesha mateso ya wanyama vizimbani. Alifariki tarehe 29 Machi 1994, akiwa na miaka 72.

Sasa, kuna watakaosema: mzungu huyo aliwapenda simba, lakini je, wenye mbuzi na mahindi kando ya mbuga? Swali hilo ni la haki. Boy, mmoja wa simba wa filamu ile, alimwua mfanyakazi wa Adamson kule Kora mwaka 1971, na Adamson akampiga risasi. Simba si paka wa nyumbani, na filamu haituonyeshi machozi yote.

Hata hivyo, mimi namheshimu Travers. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza ugenini, akatunzwa kwa pesa na sifa, kisha akarudi kulipa deni. Kwa Pole Pole alinyamaza mara moja, na hakunyamaza tena mpaka kufa. Je, sisi ambao mbuga iko mlangoni petu, tutasema lini?