MAONI YETU: Daktari Aliyerudishia Watu Nyuso Zao

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Aliyepoteza mkono huweza kuusitiri kwa nguo, na aliyepoteza mguu hushika gongo lake akaenda na watu wakampisha njia. Lakini aliyeharibika uso hana pa kujisitiri isipokuwa ndani ya nyumba yake, na wengi wa namna hiyo hufungiwa humo mpaka kufa kwao, si kwa ukatili wa jamaa zao bali kwa aibu na kukata tamaa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya afya ya wananchi, habari za maisha ya mtu mmoja aliyekataa kuamini kwamba hali hiyo haina dawa.

Harold Delf Gillies alizaliwa tarehe 17 Juni, 1882, katika mji wa Dunedin, New Zealand, nchi ya visiwa iliyo kusini kabisa mwa bahari ya Pasifiki. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Alivuka bahari kwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akajifunza udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's mjini London, na kazi yake ya kwanza ikawa kutibu magonjwa ya masikio, pua na koo. Alikuwa mcheshi, hodari wa kupiga makasia na wa kucheza gofu, na lau dunia ingekaa kwa amani huenda angeishi na kufa daktari wa kawaida mwenye maisha ya raha.

Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyogeuza mambo. Vita hivyo tunavijua hata sisi wa visiwani, maana mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja. Huko Ufaransa askari walipigana wakiwa ndani ya mahandaki. Mwili ulihifadhiwa na udongo, bali kichwa kiliinuliwa ili kutazama, na kichwa ndicho kilichokutana na risasi na vipande vya mizinga. Maelfu ya vijana waliokolewa roho zao lakini wakabaki bila pua, bila taya, au bila midomo ya kufumbia kinywa.

Gillies alipelekwa Ufaransa mwaka 1915. Huko alifanya kazi pamoja na Charles Valadier, daktari wa meno aliyekuwa akijaribu kuunga upya taya zilizovunjika, na mjini Paris akamtazama mpasuaji Hippolyte Morestin akiondoa uvimbe wa saratani usoni mwa mgonjwa, kisha akaliziba tundu kwa ngozi iliyovutwa kutoka jirani. Aliyoyaona yalimtosha kutambua kwamba kazi yake ya maisha ameipata.

Aliporejea Uingereza aliomba majeruhi wote wa nyuso wakusanywe mahali pamoja, mikononi mwa watu waliojifunza kazi hiyo. Alipewa nafasi katika hospitali ya jeshi mjini Aldershot mwanzoni mwa 1916. Hata hivyo hakukaa akingoja waraka utembee kutoka meza hadi meza. Aliingia dukani, akanunua kwa fedha zake mwenyewe vibandiko vya thamani ya pauni 10 vyenye anwani ya hospitali yake, akavipeleka Wizara ya Vita ili majeruhi wa uso wafungwe navyo huko huko vitani. Haukupita muda mrefu wagonjwa wakaanza kufika wamefungwa vibandiko. Tarehe 1 Julai, 1916, mapigano ya Somme yalipoanza, yeye na wenzake walikuwa wametayarisha vitanda 200; wakaletewa majeruhi wapatao 2,000.

Hapa yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa si wote wanaoifahamu. Kidonda kikubwa hakizibiki kwa kuvuta kingo zake na kuzishona, kwani kovu hujikunja na kuuvuta uso upande. Ngozi nyembamba iliyobanduliwa paja na kubandikwa usoni huweza kushika, lakini haina nyama ndani yake, nayo hunywea. Njia ya tatu ni kukata pande la ngozi pamoja na nyama yake, ila lisikatwe lote. Sehemu moja iachwe imeshikamana na mwili kama karafuu inavyoshikamana na kikonyo chake. Damu hupita katika kikonyo hicho na kulilisha lile pande mpaka litakapoota mizizi mahali papya. Baada ya majuma kadhaa, likishaanza kulishwa na damu ya mahali hapo, kikonyo hukatwa.

Elimu hii si ya Wazungu peke yao, wala haikuanzia kwao. Wahindi waliijua tangu kale. Kitabu cha Sushruta kinaeleza jinsi ya kutengeneza pua, na mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari za mtu wa Bara Hindi aliyetengenezewa pua kwa ngozi ya kipaji cha uso wake. Habari hiyo iliwafumbua macho waganga wa Uingereza. Mtaliana Gaspare Tagliacozzi naye aliandika mwaka 1597 juu ya kutumia ngozi ya mkono. Gillies alikuwa mrithi wa elimu iliyokwisha kuvuka bahari nyingi.

Lakini mrithi huyo aliongeza fungu lake. Mwezi wa Oktoba 1917 alikuwa akimtibu baharia aliyeungua uso katika mapigano ya manowari huko Jutland mwaka uliotangulia. Alipokwisha kuliinua pande la ngozi ya kifua ili alipeleke usoni, aliona kingo za vikonyo vyake zikijikunja zenyewe kuelekea ndani. Ikamjia fikra ya kuzishona kingo hizo pamoja, kikonyo kiwe kama mrija uliofungwa. Jambo hilo ni dogo kulitaja, bali faida yake ilikuwa kubwa mno. Siku hizo penisilini ilikuwa haijagunduliwa, na nyama iliyoachwa wazi ilikuwa mlango wa usaha na kuoza. Mrija uliozungukwa na ngozi pande zote haukuwa na mlango huo, na damu ilipita ndani yake kwa usalama. Tena mrija ungeweza kuhamishwa kwa hatua: kutoka tumboni upandikizwe kwenye kifundo cha mkono, na baadaye mkono wenyewe uubebe mrija mpaka usoni. Huko Odessa daktari Vladimir Filatov alikuwa amefikia fikra hiyo hiyo peke yake, wala mmoja hakujua habari za mwenzake.

Haifai kumsifu mtu kana kwamba hakuwahi kushindwa. Rubani mmoja kijana, aliyeungua uso mzima, alifanyiwa kazi kubwa ya kupandikizwa pande pana la ngozi ya kifua kwa mara moja. Pande lile likaoza, na kijana akafariki mwaka 1918. Gillies hakulificha jambo hilo. Aliwafundisha wanafunzi wake tangu hapo kwamba mpasuaji asifanye leo kile ambacho mwili wa mgonjwa unaomba kifanywe kesho, na kwamba kila kazi itangulie kupangwa na kuchorwa. Subira, ambayo sisi huiita ufunguo wa faraja, kwake ilikuwa kanuni ya upasuaji.

Mwaka 1917 ilifunguliwa Hospitali ya Queen's huko Sidcup, maalumu kwa majeruhi wa nyuso. Mpaka mwaka 1925 wagonjwa zaidi ya 5,000 walikuwa wamehudumiwa, na operesheni zilizofanywa zilizidi 11,000. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Gillies hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na William Kelsey Fry wa meno na taya. Ivan Magill na Stanley Rowbotham, waliobuni namna ya kumpa nusukaputi mgonjwa ambaye uso wake ndio unaopasuliwa. Na mchoraji Henry Tonks, aliyeweka kumbukumbu ya nyuso za majeruhi kwa rangi. Vioo viliondolewa wodini. Njiani kuelekea mjini viliwekwa viti vilivyopakwa rangi ya samawati, ili wenyeji wajue kwamba atakayeketi hapo ana jeraha la uso, wasije wakashtuka.

Tukisema hayo tusisahau upande wa pili. Katika vita hivyo hivyo maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wala hapakuwa na Sidcup yao. Elimu ilikuwapo, kilichokosekana ni nia ya kuwafikishia.

Gillies alipewa cheo cha Sir mwaka 1930. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na mabingwa wanne tu wa fani hii, na watatu kati yao, yaani yeye, binamu yake Archibald McIndoe, na Rainsford Mowlem, walikuwa wana wa visiwa vya New Zealand. Huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa AMREF. Hivyo mkono wa Sidcup umefika mpaka kwetu. Gillies aliendelea na kazi hadi uzeeni, na maradhi yalimkuta akiwa chumba cha upasuaji, akiutengeneza mguu wa msichana. Alifariki tarehe 10 Septemba, 1960, akiwa na umri wa miaka 78. Mrija wake hautumiki sana leo, kwani tangu miaka ya 1970 mabingwa wameweza kulikata pande lote na kuunga mishipa yake kwa msaada wa hadubini. Lakini kanuni ni ile ile, kwamba nyama haiishi bila damu.

Je, sisi tunajifunza nini? Visiwani mwetu hatuna vita, lakini tuna moto wa majiko, mafuta ya taa na maji yanayochemka. Mtoto aliyeungua shingo, asipotibiwa mapema, kovu humvuta kidevu mpaka kifuani. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hukua akichekwa. Hao si wa kuachiwa majaaliwa, wala si wa kungoja tu msafara wa madaktari wageni upite kisha uondoke. Tunawaomba wakuu wetu wa afya wafanye mambo matatu. Kwanza, wagonjwa hao waandikishwe, kutoka Pemba na Unguja na kila kisiwa kidogo, ijulikane ni nani na yuko wapi. Pili, watengewe mahali pamoja na kundi moja la watumishi: mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, daktari wa meno, na wauguzi waliojifunza kazi hiyo. Tatu, vijana wetu wapelekwe kusoma fani hii, na wakirudi wapewe vifaa vya kuifanyia kazi, wasije wakaihama.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuwatoe wagonjwa hawa vyumbani, tuwapeleke hospitali, na tuketi nao barazani bila ya kugeuza nyuso zetu. Gillies alianza na vibandiko vya pauni 10. Sisi tunaweza kuanza na daftari la majina, na daftari halihitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao.