Karoli Lwanga, mlezi aliyewashika watoto mkono

Wafanyabiashara wa Bujumbura wanaofuata bidhaa Kampala wanaijua Namugongo. Hapo Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, akiwa na umri wa miaka 26 hivi.

Lwanga alikuwa msimamizi wa vijana watumishi wa Kabaka Mwanga. Alibatizwa Novemba 1885, siku aliyouawa kiongozi wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, akashika nafasi yake. Aliwafundisha vijana dini na kuwakinga na matakwa machafu ya mfalme.

Mei 1886, huko Munyonyo, usiku wa kuamkia hukumu, aliwabatiza kadhaa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Inasimuliwa kuwa Kizito aliogopa, Lwanga akaahidi kumshika mkono. Asubuhi, wanaosali walipoamriwa kujitenga, Lwanga alitangulia, watoto wakamfuata.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 tarehe 18 Oktoba 1964. Bujumbura, jina la Kizito limepewa kituo cha watoto wenye ulemavu.

Kwa mzazi aliyerejea kutoka kambini, au anayelala safarini, funzo ni hili: mtoto huishika imani ya mlezi anayemwona akitangulia.