James Prescott Joule

James Prescott Joule (Salford, 24 Desemba 1818 – Sale, 11 Oktoba 1889) alikuwa mwanafizikia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba joto ni aina ya nishati, na kwa kanuni ya joto linalotokea umeme unapopita katika waya.

Maisha

Alizaliwa katika familia tajiri iliyomiliki kiwanda cha bia. Hakusoma chuo kikuu. Alifundishwa nyumbani, kisha yeye na kaka yake wakawa wanafunzi wa John Dalton mjini Manchester. Alifanya kazi kiwandani huku akiendesha majaribio yake. Mwaka 1847 alimwoa Amelia Grimes, aliyefariki mwaka 1854.

Mwaka 1843 alieleza uhusiano wa kazi na joto mbele ya wanasayansi mjini Cork, Ireland, lakini hawakumjali. Mwaka 1847, huko Oxford, William Thomson (baadaye Lord Kelvin) alivutiwa, na baadaye wakashirikiana. Royal Society ilimpokea mwaka 1850 na kumpa Nishani ya Copley mwaka 1870.

Kanuni ya Joule

Mwaka 1840 alizamisha waya wenye umeme katika maji na kupima ongezeko la halijoto. Aligundua kwamba joto hulingana na mraba wa mkondo, ukizidishwa kwa ukinzani wa waya na muda. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Matumizi nyumbani

Kanuni hiyo inahusu kila nyumba yenye umeme, zikiwemo za Ifakara katika bonde la Kilombero, eneo lenye mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu (megawati 204) na Kihansi (megawati 180). Oveni huoka kwa joto la Joule katika koili yake. Joto hilohilo likitokea katika waya wa ukutani ni hatari.

Jiko lenye oveni la wati 7000 kwa volti 230 huchukua takriban ampea 30. Mara nyingi hufungiwa breka ya ampea 32 na waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Waya wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani mara nne, hivyo kwa mkondo huohuo hutoa joto mara nne. Plastiki yake huweza kuyeyuka na nyumba kuungua.

Kazi ya breka ni kulinda waya. Ukubwa wake usiwe chini ya mkondo wa jiko, wala usizidi uwezo wa waya. Breka ikijizima mara kwa mara, kuweka kubwa zaidi bila kubadilisha waya huondoa kinga hiyo. Waya unaopita darini chini ya bati la moto hubeba mkondo mdogo zaidi, kwa hiyo huhitajika mnene zaidi.

Kumbukumbu

Jouli, kizio cha nishati, kilipewa jina lake. Kwenye kaburi lake huko Sale imechongwa namba 772.55, matokeo ya vipimo vyake vya mwaka 1878 vya kazi inayolingana na joto.