Robert Koch, daktari anayekumbukwa katika kipimo cha BK

BUKAVU – Mjini Bukavu, kama kwingine nchini Kongo, kipimo cha makohozi cha kutafuta kifua kikuu bado kinajulikana kama BK. Ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya bakteria ya Koch.

Robert Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba 1843. Baba yake alifanya kazi ya migodi. Akiwa daktari wa mji mdogo, alianza kuchunguza mikrobe nyumbani kwake. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza mikrobe inayoleta kifua kikuu, wakati wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Ndiyo sababu tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu duniani.

Mwaka 1890 alitangaza dawa iliyokuja kuitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini haikuwaponyesha, na baadhi yao walikufa. Tuberkulini haikuua mikrobe. Ilichochea uvimbe katika nyama ya mapafu iliyokwisha kuumia. Leo inatumika tu kupima kwenye ngozi kama mtu ameambukizwa.

Kosa hilo linaonyesha jinsi ugonjwa huu ulivyo. Mikrobe ikiingia, mapafu hujenga ukuta wa chembe kuizunguka. Mikrobe nayo hujizoeza: hupunguza kasi, huishi kwa hewa kidogo na kula mafuta ya chembe za mwili. Inaweza kukaa hivyo miaka mingi bila mtu kuumwa. Mwili ukidhoofika kwa njaa, UKIMWI au kisukari, ukuta hubomoka, pafu hutoboka, na kikohozi hutawanya mikrobe hewani.

Koch alipata tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 na 1907 alifanya kazi katika visiwa vya Sese, Uganda, juu ya malale. Huko pia dawa yake, atoksili, ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1910, kabla dawa ya kweli ya kifua kikuu haijapatikana.

Dawa za leo huua haraka mikrobe zinazozaana, lakini zile zilizolala huchukua muda. Kwa hiyo matibabu ya kawaida ni miezi 6. Anayeacha baada ya miezi 2 kwa sababu kikohozi kimeisha, huziachia nafasi ya kuamka tena, pengine zikiwa sugu kwa dawa.