Bruce Lee: filamu nne tu za kung-fu, na ubishi usioisha

Jumamosi usiku hapa Baraka, jenereta zikianza kunguruma, vijana wanachangiana pesa ya kiingilio na kujibana kwenye mabenchi ya sale ya video. Filamu yenyewe ni ya zamani, wengi wameshaiona mara nyingi, na ndiyo sababu wamekuja: wanajua kila teke litatua wapi, wanapiga kelele kabla halijatua. Kisha njiani, kurudi nyumbani, unazuka ubishi. Bruce Lee aliuawa na nani? Alicheza filamu ngapi, hamsini? Basi leo tumzungumzie huyu bwana.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 mwezi wa 11, 1940. Baba yake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kichina, na kikundi chao kilikuwa safarini huko. Mtoto alilelewa Hong Kong, koloni la Waingereza, ambalo kwa miaka kadhaa liliangukia mikononi mwa jeshi la Japani. Akaanza kuonekana kwenye filamu angali mdogo. Barabarani alipigana sana, na baadaye akaenda kujifunza kwa mwalimu Ip Man. Lakini kuna jambo mashabiki wengi hawalijui: mwaka 1958 alishinda mashindano ya kucheza cha-cha. Mwangalie miguu vizuri, utaona ni mcheza dansi kabisa.

Mwaka 1959 alirudi Marekani na dola 100 mfukoni. Alifanya kazi kwenye mgahawa huko Seattle, akasoma chuo kikuu, akafundisha watu kupigana, na 1964 akamuoa Linda Emery. Wakubwa wa filamu wa kule walimpa kazi ya Kato, dereva na mtumishi wa tajiri Mzungu, katika mfululizo wa The Green Hornet. Mbele hakuwekwa. Halafu 1970 akaumia mgongo akiinua vyuma. Madaktari walimkataza kupiga teke tena. Alilala miezi kama sita, akijaza madaftari kwa mawazo yake juu ya kupigana.

Akarudi Hong Kong. The Big Boss ya 1971 ilivunja rekodi ya mapato mji mzima. Mwaka uliofuata ikaja Fist of Fury, na hapa ndipo sale zetu zinapolipuka: anakivunja kwa teke kibao kinachowakataza Wachina kuingia bustani, pamoja na mbwa. Wazee wetu waliokua wakati wa Wabelgiji, walipokatazwa kuzurura usiku kwenye mitaa ya Wazungu, hawahitaji mtu wa kuwatafsiria kipande hicho. Mwaka huohuo akatoa The Way of the Dragon, aliyoiongoza mwenyewe, akipigana na Chuck Norris mjini Roma. Ya nne, Enter the Dragon, ilitoka mwezi wa nane 1973. Yeye alikuwa ameshazikwa.

Alifariki Hong Kong tarehe 20 mwezi wa saba, akiwa na miaka 32. Kichwa kilimuuma, akameza kidonge, akalala, hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba, na uchunguzi ulisema mwili ulikikataa kile kidonge. Sumu, wachawi, mabwana wa kung-fu wenye wivu: hayo ni ya njiani usiku.

Filamu za kung-fu alizozimaliza ni nne, basi. Zile nyingine? Wenye biashara walitafuta vijana wanaofanana naye, wakawapa majina kama Bruce Li na Bruce Le, na kaseti zao zikasambaa duniani kote. Watu wengi wamewashangilia hao wakidhani ni yeye. Hata Game of Death, aliyoiacha katikati, ilimaliziwa na watu wa kufanana naye, ikatoka 1978. Ila wakati wa mazishi mle ndani, acheni kucheka: jeneza lile ni lake kweli, zile ni picha za mazishi yake mwenyewe.