MAISHA YA VICTOR GRIGNARD, MTU WA KEMIA



Sisi wa darasa la sita tunaandika reaktifu ya Grignard katika madaftari yetu, lakini wengi kati yetu hatukujua huyu Grignard alikuwa nani. Wengine walifikiri ni jina la dawa tu. Kumbe ni mtu, na njia yake haikuwa nyepesi.

Victor Grignard alizaliwa kule Cherbourg, Ufaransa, tarehe 6 Mei 1871. Baba yake alikuwa fundi wa matanga ya meli. Kijana alikuwa hodari shuleni, akapata nafasi kule Cluny, pale walikuwa wanatayarisha walimu. Nyuma ya miaka miwili shule ile ikafungwa, wakamtuma Lyon. Huko akajifunza hesabu, na katika mtihani wa lisansi akaanguka. Ndiyo, wandugu, alianguka! Akaenda kutumika uaskari, halafu akarudi, akaanza tena, na katika 1894 akapata lisansi yake.

Kemia hakuipenda hata kidogo. Aliiona ni kazi ya kukariri tu, sawa vile wandugu wa seksio ya hesabu wanavyotucheka sisi wa biolojia na kemia. Ni rafiki yake wa masomo ndiye alimsukuma akubali kazi ndogo ya msaidizi katika laboratwari. Humo akamkuta mwalimu Philippe Barbier.

Zamani zile watu walitumia zinki, lakini miili ile ya zinki ilishika moto mara ikigusa hewa. Katika 1899 Barbier akajaribu magnesi fasi ya zinki. Alichanganya vitu vyote pamoja, na matokeo yakawa leo mazuri, kesho mabaya. Basi akamwachia mwanafunzi wake kazi ile. Grignard akatenganisha hatua. Kwanza aliweka magnesi na mwili wenye iodi ndani ya etheri kavu kabisa, bila tone la maji, sababu maji yanaharibu yote. Dawa ilipokuwa tayari, ndipo akaongeza aldehidi ao ketoni. Mwishoni alkoholi ikapatikana vizuri. Katika 1900 habari hiyo ilisomwa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, na katika 1901 akatetea kitabu chake cha udaktari.

Njia ile ikaenea mbio, maana inaunganisha kaboni na kaboni, na huo ndio msingi wa kujenga miili mikubwa. Katika 1912 akapewa Zawadi ya Nobel pamoja na Paul Sabatier. Alipokufa kule Lyon tarehe 13 Desemba 1935, maandiko ya wachunguzi juu ya njia yake yalikuwa yamepita 6000. Mpaka leo viwanda vya dawa vinaitumia.

Hatutaki kuficha upande mwingine. Wakati wa vita ya 1914-1918 alitumikia jeshi la nchi yake katika mambo ya gazi za sumu: namna ya kuzitengeneza, na namna ya kutambua zile za adui. Elimu ni ileile. Ni kazi ya mtu kuchagua ataipeleka wapi.

Na Barbier? Yeye hakupata Nobel, na reaktifu haikuitwa kwa jina lake. Lakini Grignard, aliposimama kutoa hotuba yake ya Nobel, alieleza wazi kazi ya mwalimu wake iliyomtangulia. Hakusema ametoka peke yake. Katika 1919 ni yeye alirudi Lyon kushika kiti cha Barbier.

Wandugu, mtihani wa Serikali unakaribia. Kati yetu kuna wale wanaopata jibu kwa msaada wa mwenzao, halafu mbele ya mwalimu wanasema: ni mimi. Tuache tabia hiyo. Mwenye kufaulu amtaje aliyemwonyesha njia. Na mwenye kuanguka asichome daftari lake: Grignard naye alianguka, na jina lake tunaliandika ubaoni.